Dragostea din tei: Wimbo Uliowatangulia Wenyewe

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wa muziki mliohudhuria, watunzi wenzangu, wapiga vyombo, na nyinyi vijana mliokosa viti mkaamua kusimama: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie wimbo mmoja wa kigeni ulioimbwa kwa lugha wasiyoijua wengi, nao ukavuma dunia nzima. Sikupata tabu kuchagua. Ziko nyimbo za Kihispania zilizofanya hivyo, lakini Kihispania kina nchi nyingi na soko kubwa nyuma yake. Mimi nimechukua wimbo wa Kiromania, tena uliotungwa na kijana wa Moldova, nchi ndogo iliyobanwa kati ya Romania na Ukraine. Wimbo unaitwa Dragostea din tei. Waliuimba vijana watatu waliojiita O-Zone, ukatoka mwaka 2003. Kama jina halikukumbushi kitu, ngoja nianze: ma-ia-hii, ma-ia-huu...

Naam. Nusu ya ukumbi imemalizia, na sidhani kama yupo hapa hata mmoja aliyewahi kusoma Kiromania.

Nina jambo moja la kusema jioni hii. Tumezoea kulalamika kwamba wimbo wa lugha yetu haufiki mbali kwa sababu ya lugha. Nimeusikia usemi huo studioni, redioni, hata kwa walimu. Safari ya wimbo huu inanionyesha kwamba lugha haikuzuia chochote. Kilichozuia ni milango: nani ana studio, nani anasambaza, nani ana karatasi zenye saini, nani anaruhusiwa kuvuka mpaka. Na pale milango ilipofunguka, wimbo ulipita na lugha yake yote, bila kuvua hata neno moja.

Tuanzie kwao.

Moldova ilikuwa jamhuri ya Umoja wa Kisovieti mpaka ilipojitangazia uhuru tarehe 27 Agosti 1991. Wananchi wake wengi husema Kiromania, lakini chini ya Wasovieti walilazimika kukiandika kwa herufi za Kirusi na kukiita Kimoldova, ili ionekane kwamba ni lugha nyingine ya watu wengine. Watu waliingia mitaani Chișinău, mji mkuu, kuidai lugha yao, na tarehe 31 Agosti 1989 ikapita sheria ya kurudisha herufi za Kilatini. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa mpaka leo, sikukuu ya lugha. Ugomvi wa jina haukuishia hapo. Katiba ya mwaka 1994 iliandika Kimoldova. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ikasema jina lililomo katika tangazo la uhuru, yaani Kiromania, ndilo lenye nguvu. Bunge likaja kuyabadilisha maandishi yenyewe mwaka 2023.

Dan Bălan, mtunzi wa wimbo wetu, alizaliwa Chișinău mwezi Februari 1979. Piga hesabu: siku herufi zile ziliporudi alikuwa mtoto wa miaka 10. Kizazi chake kilianza shule kwa alfabeti moja kikamaliza kwa nyingine. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani anayeimba kwa lugha ndogo anaimba hivyo kwa kukosa namna. Kijana wa Moldova hakukosa namna. Angeimba Kirusi, angekuwa na wasikilizaji kutoka Chișinău mpaka pwani ya Pasifiki. Bălan aliimba Kiromania, na akakiimba kwa raha, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Njia yake haikuwa fupi. Ujanani alikuwa na bendi ya metali nzito iliyoitwa Inferialis, muziki wa giza na ngurumo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaanzisha O-Zone pamoja na mwenzake, Petru Jelihovschi. Mwenzake alipojitoa, Bălan akatafuta sauti nyingine, akawapata Radu Sârbu na Arsenie Todiraș. Moldova haikuweza kuwalisha wanamuziki wa pop. Nchi ilikuwa maskini, kanda za kunakili zimejaa sokoni, studio za kuhesabu. Wakavuka mto Prut wakahamia Bucharest, mji mkuu wa Romania, palipokuwa na kampuni za kurekodi na vituo vya televisheni vya kuwarusha hewani. Wimbo wao Despre tine ukawatambulisha kwa Waromania. Kisha ukaja huu, na mwaka huohuo wa 2003 ukakaa kileleni mwa chati ya Romania.

Sasa tuusikilize kwa karibu, maana wachambuzi wengi hupita hapa mbio, wakasema ni wimbo wa disko, basi, wakageuza ukurasa.

Mwendo wake ni mapigo 130 kwa dakika, mwendo wa kuchezea. Kodi za gitaa ni nne, zinazunguka tangu mwanzo hadi mwisho: A maina, F, C, G. Kila mpiga gitaa aliyemo humu ameshazipiga mara nyingi, harusini na kanisani. Hapo hakuna maajabu. Maajabu yako kwenye sauti za lugha yenyewe. Wimbo unaanza bila neno. Ni irabu tupu, i, u, o, a, kila moja ikivutwa mwishoni mwa kipande chake. Kabla hujajua ni lugha gani, umeshashiriki. Halafu unaingia ubeti, na neno la kwanza ni alo, lile la kupokelea simu, ambalo halihitaji mkalimani Ulaya nzima. Ukishazoea, kinakuja kiitikio, na mstari baada ya mstari unatua pale pale: ei, ei, ei. Nyinyi mliofundishwa vina na mizani mnajua mtunzi anafanya nini. Ameshika kina kimoja hakiachii, na kila kinapotua kinatua juu ya pigo zito la ngoma. Katikati ya mistari hiyo kuna kikanushi kifupi kinachorudiwarudiwa, nu mă, nu mă, na hicho ndicho dunia ilichokisikia kama numa numa. Kiromania kina irabu zilizo wazi na silabi zinazoimbika, na Bălan alijua azipange wapi. Angeutunga kwa Kiingereza, kina kile kisingekuwepo. Toleo la Kiingereza lilikuja kutengenezwa baadaye kweli, na leo ni wachache wanaolikumbuka. Ulioimbwa na watu ni ule wa Kiromania.

Na maneno yanasema nini? Kijana amepiga simu. Anajitambulisha kuwa ni haiduc. Mahaiduc walikuwa watu wa msituni, waasi wa Balkani enzi za utawala wa Waturuki wa Osmani, wakiwapora matajiri, na nyimbo za kienyeji zinawasifu kama watetezi wa wanyonge. Kila mtoto wa Romania na Moldova amekua na hadithi zao. Mstari wa mbele kidogo kijana yuleyule anajiita Picasso. Kisha anamwambia msichana kwamba amembipu, na kwamba yeye ni mwanamume shupavu, wala hamwombi kitu.

Amembipu. Mwaka 2003 Romania na Moldova simu ya mkononi ilikuwa mpya na dakika zilikuwa ghali kwa kijana asiye na kazi. Unapiga, inaita, unakata, na aliyepigiwa anajua nani amemkumbuka. Hakuna haja ya kuwaeleza hilo nyinyi mliokwangua vocha miaka ileile na kubaki na salio la kubipu tu. Mapenzi mangapi hapa kwetu yalilelewa kwa mlio mmoja wa simu? Msikilizaji wa Munich mwenye malipo ya kila mwezi alikuwa mbali na mstari huo kuliko kijana wa Temeke. Nauona mstari ule kuwa mzuri kuliko yote katika wimbo, kwa sababu umemweka mbele yetu mtu mzima mzima: maskini, mwenye fahari, anayependa, asiyetaka kuonekana anaomba.

Halafu kuna tei. Huo ni mti wa kivuli, hukua kandokando ya barabara na bustanini, na mwezi Juni hutoa maua madogo ya rangi ya manjano yenye harufu tamu inayojaa mtaa mzima. Maua hayo hukaushwa yakachemshwa kama chai. Mihai Eminescu, mshairi mkuu wa Kiromania aliyefariki mwaka 1889, aliuweka mti huo katika mashairi yake ya mapenzi, na mjini Iași, katika bustani ya Copou, upo mti mmoja mkongwe ambao watu huenda kuutazama kwa sababu unaitwa kwa jina la mshairi huyo. Wengine hukumbusha kwamba Tei ni mtaa pia, uko Bucharest. Mimi nashika mti. Uso wako na mapenzi ya chini ya mti ule vinanikumbusha macho yako, ndivyo anavyosema. Kwa hiyo ndani ya wimbo wa disko wa dakika tatu na nusu hivi mmepangana mwasi wa karne zilizopita, mchoraji wa Hispania, simu ya kubipu, na mti wa mshairi wa taifa. Hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya msikilizaji wa Ufaransa. Vyote ni vya nyumbani.

Kinabaki kiitikio, na hapa naomba utulivu kidogo. Kile kilichorukiwa na vijana kwenye fukwe za Ulaya, mikono juu, kinasema: unataka kuondoka, lakini mimi hunichukui.

Kwa maandishi yake ni malalamiko ya kijana kwa msichana. Lakini fikirieni ni wapi yalikotungwa. Moldova ya miaka ile ilikuwa inaondokewa na watu wake. Wanaume walikwenda kwenye majengo ya Urusi. Wanawake walikwenda Italia, wakalea wazee wa watu wengine, watoto wao wakabaki vijijini na bibi zao. Katikati ya miaka ya 2000, fedha zilizotumwa nyumbani na Wamoldova walio nje zilikaribia theluthi moja ya pato lote la nchi. Katika nchi ya namna hiyo, ukisimama jukwaani ukaimba kwamba unaondoka na hunichukui, kila anayekusikia ana mtu wa kumfikiria. Ulaya ilisikia sherehe. Nyumbani ilikuwa sherehe pia, lakini sherehe yenye kidonda ndani yake, na nadhani nguvu ya wimbo imetoka hapo. Mtu anahisi uzito huo hata kama hajui maneno.

Sasa tuje kwenye milango.

Wimbo ulikuwa wa kwanza Romania mwaka 2003, na magharibi hakuna aliyeujua. Miezi ikapita. Kilichokosekana ni nini? Maneno ni yaleyale, kodi ni zilezile, kina ni kilekile. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili. Waromania walikuwa wameanza kuingia nchi nyingi za Ulaya magharibi bila viza ya muda mfupi tangu Januari 2002, na Italia ilikuwa imepokea wengi. Mmoja wa Waromania waliokuwa wakiishi huko alikuwa mwimbaji Paula Mitrache. Aliurekodi wimbo kwa Kiromania kilekile, akajiita Haiducii, jina lililotoka moja kwa moja katika ubeti wa kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2004 toleo lake likapanda mpaka namba moja Italia. Wenye wimbo wako Bucharest, na Ulaya inaujua kwa sauti ya mtu mwingine.

Ndipo kampuni zikashtuka zikaenda kuwatafuta O-Zone, na toleo la asili likatoka magharibi. Kwa wiki kadhaa matoleo yote mawili yalikuwa kwenye chati zilezile, yakishindana, na yote mawili kwa Kiromania. Hilo nalo ni la kutafakari: soko lililoambiwa miaka yote kwamba halitaki lugha ngeni lilikuwa na matoleo mawili ya wimbo mmoja wa Kiromania na likayanunua yote. O-Zone wakakaa namba moja wiki 14 Ujerumani na wiki 15 Ufaransa. Wakafika kileleni Austria, Uswisi, Ubelgiji, Uholanzi na Ireland. Uingereza, ambako wimbo usio wa Kiingereza huchukuliwa kama mgeni asiyealikwa, walifika namba tatu mwezi Juni 2004.

Najua kuna watakaosema ule ulikuwa mzaha wa kiangazi, kitu cha kuchekesha, vijana watatu wanacheza juu ya bawa la ndege kwenye video. Sikubali. Mzaha hauishi miaka 20. Ulaya ilikuwa na tabia ya kuwacheka wa mashariki, na ilipopenda kitu chao ilijificha nyuma ya kicheko ili isionekane imependa kwa moyo. Sisi tusirudie kicheko hicho, maana tunajua kinavyouma kikielekezwa kwetu.

Baada ya Ulaya ukaja mtandao, na hapa nitapita haraka kwa kuwa habari hii ndiyo inayojulikana zaidi. Desemba 2004, kijana mmoja wa New Jersey, Marekani, alijirekodi kwa kamera ya kompyuta akiwa kitini, amevaa visikilizio, anafuatisha midomo na kurusha mikono. Akaiweka video kwenye tovuti ya Newgrounds. YouTube haikuwapo, ilikuja mwaka uliofuata. Watu wengi mno waliitazama, na magazeti makubwa yakaandika mapema mwaka 2005. Wamarekani wengi waliujua wimbo kupitia kwake na mpaka leo wanauita Numa Numa. Japani mambo yakaenda kivingine. Huko walitengeneza katuni yenye paka, na maneno ya Kiromania yakageuzwa kuwa maneno ya Kijapani yanayofanana nayo kwa sauti, paka wakihimizana kunywa. Mwaka 2005 wimbo ukawa gumzo la nchi nzima, hata ukazuka mgogoro pale kampuni ilipotaka kusajili alama ya paka ambao mashabiki waliona ni mali ya wote, na ombi likaondolewa. Brazil nao wakawa na wimbo wao wa sherehe juu ya lahani ileile, na Hispania wachekeshaji wakatoa toleo lao.

Lakini sikilizeni tarehe. O-Zone walivunjika Januari 2005. Wajapani walipokuwa wakiimba na paka zao, kundi halikuwepo tena. Kila mmoja alikuwa ameshika njia yake. Wimbo ulikuwa unaendelea na safari, wenyewe wameachwa kituoni.

Na kuna tarehe nyingine, hii inanigusa zaidi. Raia wa Moldova waliruhusiwa kuingia nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, bila viza tarehe 28 Aprili 2014. Hesabuni. Mwaka 2004 wimbo wa Mmoldova ulichezwa kila baa kutoka Lisbon mpaka Berlin. Mmoldova mwenyewe ilimchukua miaka 10 zaidi kuruhusiwa kuingia baa hizo bila kupanga foleni ubalozini, bila barua ya benki, bila kuulizwa kama atarudi. Sauti yake ilikaribishwa, yeye akasubirishwa mlangoni. Wangapi kati yenu mmealikwa tamasha la nje, jina lenu limeshachapwa kwenye bango, mkanyimwa viza siku chache kabla ya safari? Nawaona mnaoinamisha vichwa. Basi msiambiwe tena kwamba tatizo lenu ni Kiswahili. Waliowaalika walishakipenda Kiswahili chenu, wakakilipia bango.

Wapo watakaoniuliza kama huu si mfano wa mara moja. Niwape mwingine kutoka nchi ileile. Mwaka 2006 Arsenie Todiraș, yuleyule wa O-Zone, alikwenda kuiwakilisha Moldova kwenye Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, akiwa na waimbaji Natalia Gordienko na Connect-R. Safari hii wakaimba Kiingereza chenye vionjo vya Kihispania, lugha zinazosemwa kuwa za soko. Walishika nafasi ya 20. Mwaka 2022 Moldova ikapeleka bendi ya Zdob și Zdub pamoja na ndugu wawili wapiga ala za kienyeji, Advahov. Waliimba Trenulețul, sehemu kubwa kwa Kiromania, wimbo kuhusu treni inayotoka Chișinău kwenda Bucharest, filimbi na fidla za kijijini zimekolea. Wakashika nafasi ya saba, na kwa kura za watazamaji walikuwa wa pili nyuma ya Ukraine. Treni ya nyumbani kwao! Watazamaji wa Ureno na Iceland hawajawahi hata kuiona.

Kwa hiyo nikirudi kwetu, sina haja ya maneno mengi. Ushahidi wetu wenyewe tunao. Them Mushrooms wa Mombasa walirekodi Jambo Bwana mwaka 1982, na salamu za Kiswahili zikajulikana na watu ambao hawajawahi kukanyaga pwani yetu. Malaika uliimbwa na Miriam Makeba kwenye majukwaa ya dunia, kwa Kiswahili. Lakini Malaika unatufundisha pia tulichopungukiwa. Fadhili William aliurekodi, na mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliutunga. Mabishano yale yasingedumu miaka yote hii kama siku ya kwanza pangekuwa na karatasi.

Na hapo ndipo Dan Bălan aliponufaika. Mwaka 2008 rapa T.I. wa Marekani na Rihanna walitoa Live Your Life. Wengi wenu mnaujua, na huenda hamkujua kwamba lahani anayoimba Rihanna mwanzoni ni ile ma-ia-hii ya Chișinău. Wimbo huo uliruka kutoka nafasi ya 80 mpaka ya kwanza kwenye chati kuu ya Marekani, ya Billboard, ndani ya wiki moja. Jina la Bălan limeandikwa kwenye orodha ya watunzi. Halikuandikwa kwa hisani. Liliandikwa kwa sababu utunzi ulikuwa umesajiliwa na wakubwa wale walijua hawawezi kuuchukua bila ruhusa. Mwaka 2024 David Guetta na OneRepublic wakaurudia tena katika wimbo wao mpya. Kundi lilishavunjika miaka mingi, lakini mtunzi bado yumo ndani ya wimbo wake.

Ndiyo maana nawaomba jambo hili, na naliomba kwa uzito. Usitoke studioni kabla hamjaandika nani ametunga maneno, nani ametunga lahani, nani ametengeneza mdundo, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Andikeni hata kama wenzako ni ndugu wa tumbo moja. Hasa kama ni ndugu. Wekeni saini na tarehe, kila mtu abaki na nakala. Kisha pelekeni usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au kwenye chama cha nchi yako kama unatoka Kenya au Uganda. Prodyuza akikuambia tutaongea baadaye, mwambie kwa adabu kwamba mtaongea sasa hivi, biti likiwa bado moto. Na ukitaka kuweka kwenye ubeti wako mti wa kijijini kwenu, jina la kituo cha daladala, utani wa makabila, au mstari wa salio lililokwisha, weka. Asiwepo wa kukwambia uufute kwa sababu Mjerumani hataelewa.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Fundi mitambo, tafadhali tuwekee toleo la O-Zone lenyewe, lile la 2003, si la Italia, tulisikilize mpaka mwisho. Maneno ya Kiromania yako kwenye karatasi mlizogawiwa, na tafsiri iko upande wa nyuma. Baada ya hapo nitapokea maswali.